Mfuniko wa Mikono Miwili

Vijana wangu, sina mshahara wa kuwapa wala cheo cha kuwatishia, kwa hiyo mtanisikiliza kwa hiari au mtaniacha. Mimi ni Sudi, seremala mstaafu wa hapa Tabora mjini. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Aliyenichokoza nikashika kalamu ni mjukuu wangu Zaituni, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ya kutengeneza programu za simu. Kazi yake ina jina refu la Kizungu ambalo nikijaribu kulitamka meno ya bandia yanataka kunitoka. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili, akasema, "Babu, kazi yangu ni kuhakikisha mtu anayetumia kitu hapati taabu kukitumia." Nikamwambia hiyo kazi naijua, niliwahi kuifanya, na niliifanya vibaya sana.

Wiki hii yuko hapa nyumbani, likizo. Juzi nilimsikia sebuleni akiongea na mwenzake kwenye simu. Wametengeneza programu ya wakulima wa Isikizya, si mbali na hapa mjini, ya kuwapa habari za mbegu na mvua, na wakulima hawaitumii. "Tatizo ni watumiaji," akasema mjukuu wangu, damu yangu mwenyewe. "Hawaelewi. Inabidi wapewe mafunzo." Alipokata simu nikamuuliza kama amewahi kufika Isikizya. Hajawahi, ila waliwatumia wakulima maswali ya kuuliza kwa nini hawaitumii programu. Nikauliza maswali yalipita njia gani. Yalipita ndani ya programu hiyo hiyo.

Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Kisha kicheko kikaniishia, maana ile sentensi yake niliijua. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa niliisoma imepigwa taipu vizuri kabisa, na chini yake nikaweka sahihi yangu.

Lakini kwanza niwaambie nilikofunzwa, ili mjue kwamba sikukosea kwa kukosa mwalimu.

Ufundi nilijifunza kwa marehemu Mzee Feruzi, mtu wa mji huu tangu mababu, aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya soko. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa msumeno. Alinituma niende kwenye baraza la wauza kahawa nikaangalie watu wanavyokaa. Nilirudi nikamwambia wanakaa. Akanirudisha. Siku ya tatu ndipo nilipoona kwamba mwenye kanzu hukaa mbele ya kiti kwa kuogopa kuikunja, kwamba mwenye mgongo mbovu hutafuta ukuta, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekaa kama mtu anavyochorwa kwenye mchoro wa kiti. Mzee Feruzi alikuwa akisema kiti hakipimwi kwa futi, kinapimwa kwa matako. Samahani kwa neno hilo, lakini ndilo alilolitumia, na hata mbele ya wateja alilitumia.

Kabati langu la kwanza nilimtengenezea bibi mmoja mjane. Nililipiga msasa, nikalipaka vanishi, nikalipeleka kwa mkokoteni nikijiona bwana harusi. Baada ya wiki mbili Mzee Feruzi akaniuliza kama bibi amelipenda. Nikasema nimeshamuuliza, amelisifu sana na kuniombea dua. Mzee akanitazama kwa huruma. "Nani alikwambia umuulize?" akasema. "Umemkuta mtu mzima mwenye adabu, umemsimamia mlangoni, unamuuliza kama kazi yako ni nzuri. Ulitaka akutukane? Nenda kamuombe chai."

Nikaenda, nikasalimia shikamoo, nikaomba chai. Bibi akafurahi, akaenda kwenye kabati, akavuta kigoda, akapanda juu ya kigoda kwa kutetemeka, akanyoosha mkono mpaka kwapa likaonekana, akateremsha kopo la sukari. Rafu nilikuwa nimeipima kwa urefu wangu mimi. Yule bibi alikuwa akinifika kifuani. Wiki mbili alikuwa akihatarisha nyonga yake kila asubuhi kwa ajili ya kijiko cha sukari, na bado alikuwa akiniombea dua.

Nililikata kabati lile siku ile ile, na nikajiapiza sitarudia. Kiapo changu kilidumu mpaka nilipopata kazi ya kudumu.

Kazi hiyo ilikuwa kwenye karakana kubwa ya umma, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu watoto wa wakubwa wake tunaswali nao. Ilikuwa imeundwa ili kutengenezea vijiji vipya vifaa vya maendeleo. Nia ilikuwa njema, na msinisikie nikiidhihaki nia. Watu walikuwa wamehamia pamoja, wanahitaji shule, zahanati, ghala, na sisi tuliamini kwamba tunajenga nchi kwa randa na patasi. Mimi niliamini. Nilikuwa nafika kazini kabla ya kengele.

Shida ilikuwa meneja wetu. Alikuwa mtu wa michoro. Alikuwa amesoma ng'ambo, na huko alijifunza kwamba kila kitu kina mchoro wake sahihi, na kwamba kitu kikikataa kutumika, mchoro usiulizwe. Ofisini kwake kulikuwa na meza pana iliyofunikwa kitambaa cha kijani, na kila kifaa kipya kilijaribiwa juu ya meza hiyo. Kikisimama bila kuyumba, kimefaulu. Tulitengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe, likajaribiwa mezani. Likafaulu.

Madawati nayo mnisikilize, maana yatarudi mbele. Tuliagizwa madawati ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Meneja akatoa mchoro wa dawati, kiti na meza vikiwa kipande kimoja, nasi tukatengeneza mamia. Ulikuwa mchoro wa watoto wa darasa la tatu. Akina mama wa makamo wakaingizwa humo wakajifunze a, e, i, o, u, na wengine ilibidi wavutwe na watu wawili kutoka. Malalamiko yalipokuja, meneja aliandika kwamba wanafunzi wakae kwa nidhamu.

Malalamiko yenyewe hayakuwa mengi, na meneja alijivunia hilo mikutanoni. Alikuwa ameamuru litengenezwe sanduku la maoni, lenye kufuli na tundu la kutumbukizia karatasi. Nililitengeneza mimi, kwa mninga. Akaliangika ofisini kwake, ukutani, nyuma ya kiti chake, juu ya picha ya Rais. Mwenye maoni alitakiwa abishe hodi, amsalimu meneja, azunguke meza ya kijani, asimame nyuma ya mgongo wa meneja, anyanyue mkono, na atumbukize siri yake. Mwaka mzima halikuingia hata jani. Walioingia ni nyigu, wakajenga, wakazaliana, na siku moja wakamuuma meneja kwenye sikio. Nawaomba mkumbuke kwamba lile lilikuwa sanduku pekee la karakana yetu ambalo wadudu walilipenda, maana sasa nakuja kwenye mizinga.

Nchi hii ya Unyamwezi ni nchi ya asali. Zamani misafara ikielekea pwani ilibeba pembe, lakini ilibeba na nta, na mpaka leo mtu wa misitu ya upande wa Usinge na kwingineko hujua nyuki kabla ya kujua hesabu. Mzinga wa kienyeji ni gogo lililotobolewa, au gome la mti lililokunjwa. Mdomo wake uko kichwani, umezibwa kwa kizibo, nao huning'inizwa juu mtini kwa kamba. Mrina asali hupanda na moshi, huchomoa kizibo, huingiza mkono, hukata masega, basi.

Likaja agizo kwamba vijiji vipewe mizinga ya kisasa. Meneja akapata mchoro kutoka kwenye nchi ambako mizinga hukaa chini, bustanini, na mwenye nyuki huisogelea kwa kutembea akiwa amevaa wavu usoni. Mzinga wenyewe ulikuwa sanduku zuri la mbao, na juu yake mfuniko mpana uliopigwa bati, wa kuinuliwa kwa mikono miwili. Bwana Nyuki wa wilaya akasema chini haiwezekani, kuna siafu, kuna moto wa msituni, na kuna nyegere ambaye hula mzinga, asali, nyuki na msumari. Lazima itundikwe. Meneja akafikiri kwa muda wa kunywa chai, kisha akaagiza tuchimbe mifereji miwili juu ya mfuniko ili kamba ipite isiteleze.

Someni tena sentensi hiyo, vijana. Kamba inayoshikilia mzinga ilipita juu ya mfuniko. Ili ufungue mfuniko ulipaswa kwanza kufungua kamba, na ukifungua kamba, mzinga unakwenda chini.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Mafundi kumi na zaidi, wenye akili na wenye watoto, tuliuzunguka mzinga ule juu ya kitambaa cha kijani tukaupigia makofi. Haukuyumba. Tukaupaka rangi nyeupe kwa sababu mchoro ulisema nyeupe, ukawa unanuka rangi mpaka mlinzi wa usiku akaumwa kichwa. Na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nikapewa heshima ya kuandika karatasi ya maelekezo. Nimeihifadhi nakala moja mpaka leo, kwa ajili ya kujiaibisha. Hatua ya nne inasema: "Shika kienge cha moshi kwa mkono mmoja. Inua mfuniko taratibu kwa mikono miwili."

Mizinga ikapelekwa kwenye kijiji ambacho nitakiita Tushikamane. Mwaka ukapita, mvua zikapita. Siku moja, Jumatatu, meneja akaniita.

Ilikuwa imefika barua kutoka kwa katibu wa kijiji. Mzee mmoja, Luhende, kiongozi wa kikundi cha warina asali, alikuwa amechukua mizinga yetu yote akaikata kwa msumeno. Mali ya umma. Katibu alikuwa ameitisha mkutano wa Ijumaa, na kosa alikuwa amekwisha kulipatia jina: hujuma. Mkutano ukithibitisha, Luhende angeondolewa kwenye kikundi na kunyang'anywa ruhusa ya kuingia msituni. Kilichotakiwa kwetu ni fundi wa kwenda kukagua na kutoa ushahidi.

Ripoti ilikuwa tayari. Meneja aliigeuza mezani inielekee mimi. Ilisema mizinga iliondoka karakanani ikiwa kamili na bora, na kwamba uharibifu umetokana na watumiaji kutokuelewa na kutofuata maelekezo, hivyo inashauriwa wapewe mafunzo na mhusika achukuliwe hatua. Nikauliza kwa upole kama si vizuri nikague kwanza ndipo nisaini. "Saini hapa hapa, ndugu Sudi," akasema, "usije ukapoteza muda huko." Nami nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo niwe msimamizi. Nikasaini. Sikuhisi hata kichefuchefu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi leo.

Nilipanda treni ya Kigoma, nikashuka Usinge, na Jumatano nikafika Tushikamane kwa baiskeli ya kuazima. Ripoti nilimkabidhi katibu kabla sijanawa uso, kama mtoto mtiifu. Katibu alikuwa mtu mnene, mkarimu kwa wageni na mkali kwa wenyeji. Aliisoma, akatabasamu, akaikunja mfukoni.

Asubuhi ya Alhamisi nikazunguka kijiji kukagua kile nilichokwisha kukikagua kwa kalamu. Mzinga wa kwanza niliouona ulikuwa na kuku ndani, ameatamia. Wa pili ulikuwa kasha la nguo za mtoto. Wa tatu mwalimu alikuwa ameukalia akinyoa ndevu. Kwenye ua wa Luhende nilimkuta mkewe, Mama Shija, akichambua mboga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kiti. Aliposikia natoka wapi akanitazama kuanzia viatu. "Masanduku yenu mazuri, baba," akasema. "Kuku wanayasifu sana."

Luhende mwenyewe alitoka ndani, mzee mwembamba, mguu mmoja mfupi kidogo kwa sababu aliwahi kuvunjika. Mguu ule ulimkatalia jembe miaka mingi. Shambani hakuweza kitu, lakini mtini alikuwa mzima, na kila kilicholiwa katika ua ule kilitoka mtini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumfungia msitu mzee huyu ni kumfungia chungu. Nikaanza kuona uzito wa ile karatasi iliyokuwa mfukoni mwa katibu.

Nilitegemea atajitetea. Hakujitetea. Aliniambia kuna mzinga mmoja hajaukata, ameubakiza ulivyo ili mtu wa mjini akija auone, na akaniongoza msituni mwendo wa saa nzima. Ulikuwa juu ya mti mrefu wa mtundu, mzinga mweupe, umening'inia kwa kamba iliyopita kwenye mifereji yetu, na nyuki walikuwa ndani. Walikuwa wameukubali baada ya msimu wa mvua, harufu ya rangi ilipokwisha. Mzee akawasha kienge kinachofuka moshi, akanipa. "Fundi," akasema, "panda."

Nikasema mimi si mrina. Akasema hata mzinga ule haukutengenezwa na mrina, lakini uko juu. Nikapanda.

Vijana, nilikuwa na nguvu siku hizo. Nilifika kwenye tawi nikalikumbatia kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia una kienge. Nikautazama mzinga wangu. Nikaitafuta hatua ya nne kichwani: mkono mmoja moshi, mikono miwili mfuniko. Nikahesabu. Pamoja na ule wa kujishikia, nilihitaji mikono minne. Nikakiuma kienge kwa meno, moshi ukaniingia machoni. Nikagusa mfuniko, haukwenda kokote, kamba imeukaba. Nikalegeza kamba upande mmoja, kwa ujinga wa mtu aliyekwisha kupiga makofi. Mzinga ukainama, mfuniko ukachomoka wote kwa mara moja, bati likalia hadi chini, na kijiji kizima cha nyuki kikatoka kuja kumtazama fundi wao.

Namna nilivyoshuka siikumbuki. Nakumbuka mzee akinifunika kwa moshi na kuniburuta, na kwamba hakucheka. Alianza kucheka tulipofika nyumbani, na alicheka kwa muda mrefu, na Mama Shija akicheka huku akinichomoa miiba usoni kwa kucha. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Nilikuwa naumia na naona haya, na haya ndiyo iliyowaka zaidi.

Mzee akaniletea mmoja wa mizinga aliyoikata. Mfuniko alikuwa ameupigilia misumari, haufunguki tena. Kwenye ubavu mfupi amekata kimlango kidogo, upana wa mkono unaoingia na kutoka, kimefungwa kwa kijiti. Unachomoa kijiti kwa vidole viwili, mlango unafunguka, nyuki wachache wanatoka, mkono mwingine haujaachia mti. Msumeno wake ulikuwa butu na ukataji wake ungemtia aibu Mzee Feruzi. Lakini kwa namna ya kutumika, ule ulikuwa mzinga bora kuliko chochote nilichowahi kukitengeneza. Kati ya mizinga aliyoitundika, karibu yote ilikuwa na nyuki. Ile iliyolala na kuku ni ile aliyokatazwa kuitundika baada ya kushtakiwa.

Nilimuuliza kwa nini hakutuandikia. Akasema alimwambia katibu, katibu akamwambia asome maelekezo. Binti yake alimsomea. "Nikauliza tu," akasema mzee, "mikono mingine naitoa wapi. Wakasema mimi mbishi." Akakirudisha kijiti kwenye kimlango. "Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo. Alikuwa akisema mzigo haufungwi na mtu asiyeubeba. Akiufunga yeye, atafunga anavyopenda macho yake, na mwenye bega ndiye atakayekufa njiani."

Sikulala vizuri, na msidhani ni nyuki peke yao.

Mkutano ulifanyika Ijumaa asubuhi katika darasa la shule, na mlango ulipofunguliwa nikayaona madawati yangu, mistari minne, yamepangwa vizuri. Wazee wa kamati walikuwa wajanja, wakakaa juu ya meza zake. Lakini katibu, mtu wa utaratibu, alijiingiza ndani ya dawati la mbele, akavuta pumzi, akakaa. Akasoma mashtaka. Akasema hakuna haja ya maneno mengi kwa kuwa karakana yenyewe imetuma ripoti ya fundi aliyekagua. Akaisoma neno kwa neno, "watumiaji kutokuelewa na kutofuata maelekezo," akataja na jina langu. Luhende alikuwa amesimama karibu na ubao. Hakunitazama. Mama Shija alinitazama.

Katibu akauliza kama fundi ana la kuongeza. Nikasimama na uso wangu uliovimba, jicho moja, mdomo umegeuka upande, na watu wakaanza kucheka kabla sijasema lolote. Nikasema ile ripoti niliisaini Tabora, nikiwa nimekaa kwenye kiti, kabla sijauona mti. Nikasema nimeuona jana. Katibu akakunja uso, akasema mambo yaliyokwisha sainiwa hayabadilishwi kwa sababu ya kuumwa na nyuki, na akataka kuinuka aje kuniwekea karatasi mbele ya macho, yaani mbele ya jicho.

Hakuinuka. Dawati lilimshika mapajani. Akajaribu tena, likainuka naye. Wazee wawili wakamshika mabega, wakavuta, na chumba kikanyamaza kwa ile adabu ya watu wanaoogopa kucheka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Ndugu Katibu," nikasema, "dawati hilo nimelitengeneza mimi, kwa kufuata mchoro, na liliondoka kwetu likiwa kamili na bora. Sasa umeshindwa kutoka. Je, tuandike kwamba hujaelewa namna ya kukaa, au tuandike kwamba umehujumu dawati?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko, kisha darasa zima likaachia. Nami nikaendelea kwa haraka kabla ujasiri haujapoa. Nikasema kosa la dawati ni langu na kosa la mzinga ni langu. Nikasema mzee huyu hakuharibu mali ya umma, aliitoa kwenye ubovu tulioutengeneza, na anayetaka kubisha apande mtundu, mimi nitamshikia kienge. Hakuna aliyetaka kupanda. Mwishowe mtu mmoja akaleta msumeno, ule ule butu wa Luhende, na kizuizi cha dawati kikakatwa ili katibu atoke. Akatoka anapangusa suruali. Baada ya kukatiwa mali ya umma mbele ya kijiji kizima, ilikuwa vigumu kwake kuendelea na shauri la hujuma. Alisema suala limefungwa. Luhende akabaki na msitu wake.

Mimi cheo nilichokisubiri sikukipata. Nilirudi Tabora, meneja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nina kipaji cha kuwaelewa watumiaji, na akanihamishia kitengo cha majeneza. "Huko," akasema, "hawatakusumbua." Nilitengeneza majeneza miaka saba, na ni kweli, sikupata lalamiko. Baadaye karakana ikatoa mzinga mpya wenye kimlango ubavuni, ukapata cheti kwenye maonyesho, na mchoro wake ulikuwa na sahihi ya meneja. Jina la Luhende halikuandikwa popote. Ndiyo maana nimeliandika hapa mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Siku ile ya Ijumaa nilipokuwa naaga, mzee alinifungia sega la asali kwenye majani, akanisindikiza hadi barabarani akichechemea. Nilitaka anisamehe, na nilitaka asikie nikiomba, basi nikamwomba msamaha. Aliniuliza ile karatasi niliisaini siku gani. Nikasema Jumatatu.

"Na mtini ulipanda lini?"

"Alhamisi."

Akatikisa kichwa, akanikabidhi ile baiskeli ya kuazima. "Siku nyingine, fundi," akasema, "anza na Alhamisi."

Hayo yote nimemsomea Zaituni jioni hii kabla sijaandika mstari huu wa mwisho. Alicheka kwenye nyigu, alicheka kwenye dawati, na hapa mwisho hakucheka. Amekaa anageuzageuza simu yake mkononi. Nimemwambia magari ya Isikizya yanaanza kuondoka stendi mapema asubuhi, na kesho ni Alhamisi.